Nilimdhamini mdogo wangu, sasa wanakuja kunidai mimi

"Shangazi, nauza dagaa mwaloni Kibirizi. Mwaka jana nilimdhamini mdogo wangu, mvuvi, akope hela ya injini. Sasa halipi, simu hapokei, na wenye mkopo wananifuata hadi ninapoanika. Mzee mmoja wa kanisa ameniambia Mkristo husamehe, nilipe ninyamaze. Mtaji umebaki wa ndoo mbili. Biblia inasemaje?" – Mama Pacha, Kigoma

Pole sana, Mama Pacha. Kuitwa jina lako kwa sauti mbele ya wateja, umeinama unageuza dagaa na mikono imejaa magamba, kunaumiza. Aibu hiyo ndiyo inayotaka ulipe leo leo. Subiri kidogo, mwanangu.

Mzee wako hakukosea kuhusu kusamehe. Usimwekee ndugu yako kinyongo. Ila deni ni jambo jingine, na Biblia inalo neno lake. Fungua Mithali 6, mstari wa 1 hadi wa 5. Pale anaambiwa mtu kama wewe hasa, aliyejifunga kwa maneno ya kinywa chake kwa ajili ya mwenzake. Haambiwi anyamaze. Anaambiwa aende, ajishushe, abembeleze, asilale mpaka ajinasue kama paa mkononi mwa mwindaji. Nimeisoma mara nyingi na bado inanigusa, maana haimsimangi mdhamini, inamharakisha. Kisha Mithali 22:27 inauliza: kama huna cha kulipa, kwa nini uondolewe kitanda unacholalia? Kitanda chako ni hizo ndoo mbili. Usiziguse.

Watakutajia Paulo, aliyemwandikia Filemoni kwamba deni la mtumwa wake Onesimo aandikiwe yeye Paulo. Ni kweli, lakini Paulo alijitolea kwa hiari, akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma. Nawe ulitia sahihi, hilo hatulikwepi, ndiyo maana nasema nenda, sisemi jifiche.

Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa, mitumbwi inalala mchangani, na mdogo wako yuko nyumbani. Mfuate siku hizo, jioni, uende na mjomba au mtu mzima anayemheshimu. Mkishaelewana, nendeni pamoja kwa wenye mkopo. Ombeni marejesho yafuate siku za giza, zisizo na mbalamwezi, wakati ziwa linatoa, na kila mnacholipa kiandikwe. Mvuvi akibanwa kila wiki, hata wiki asiyoingia ziwani, atakimbilia kausha damu, ile mikopo ya haraka yenye riba kubwa, ili alipe deni la kwanza, na hapo mtazama wote wawili.

Ukifika kwake usianze na deni. Muulize kwanza injini iko wapi. Huenda iliharibika zamani, akashindwa kukwambia dada yake.