Hoja huwasilishwa, haiwakilishwi

Msomaji mmoja, katibu wa jumuiya ya Watanzania waishio Houston, ameniletea swali ambalo nimelisoma mara tatu. Anasema kwamba katika kikao chao cha mwisho ilisomwa hoja ya kuongeza mchango wa mfuko wa misiba, kisha mwenyekiti akatangaza kwa Kiingereza kwamba anaifanyia "table". Wanachama waliosoma Dar es Salaam walifungua karatasi zao wakisubiri mjadala uanze, ilhali waliokulia Marekani walifunga zao, wakijua kwamba habari hiyo imekwisha kwa siku ile. Sasa anaandaa muhtasari wa kikao kwa Kiswahili, naye anauliza: "Niandike kwamba hoja iliwekwa mezani, au inatosha kuandika kwamba mweka hazina aliwakilisha hoja?"

Nianze na Kiingereza, maana huko jibu ni jepesi. Kitenzi hicho kimezaliwa na jina la meza, ambalo asili yake ni Kilatini, tabula, yaani ubao; meza yetu sisi tuliipata kwa Wareno. Katika Bunge la Uingereza meza ni ile iliyo mbele ya Spika, wanapoketi makatibu, na kuifanyia hoja "table" ni kuikabidhi hapo ili ishughulikiwe. Kwa Wamarekani, karatasi iliyolazwa mezani ni karatasi iliyokwisha kutoka mikononi mwa wajumbe. Katika Baraza la Wawakilishi la nchi hiyo, pendekezo la kuilaza hoja mezani halijadiliwi, na likipita kwa kura, hoja imezikwa. Katika vyama vingi vinavyofuata kanuni za mikutano alizozitunga Henry Martyn Robert mwaka 1876, maana ni ya upole kidogo: hoja inawekwa kiporo ili jambo la dharura litangulie. Winston Churchill anasimulia, katika kumbukumbu zake za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka waraka wao ujadiliwe upesi, wakatumia kitenzi hicho mbele ya wenzao wa Marekani, na Wamarekani wakaelewa kwamba waraka unatiwa kwenye saraka usahauliwe. Walibishana muda mrefu, tena kwa ukali, kabla ya kugundua kwamba pande zote mbili zilitaka jambo lilelile.

Kwa Mswahili utata huo haupo, kwa sababu kitu kikiwekwa mezani kimeandaliwa watu. Chakula kikiwa mezani mwenyeji husema "karibuni", na hakuna anayedhani kwamba sahani zimewekwa pale zipoe hadi mwezi ujao. Ndiyo maana Taarifa Rasmi za Bunge la Tanzania zina kichwa kisemacho "Hati zilizowasilishwa mezani", na msomaji yeyote anaelewa bila kuuliza. Tazameni kitenzi kilichotangulia meza katika kichwa hicho. Ni kuwasilisha, na hapo ndipo swali la katibu wetu liliponishtua, kwa sababu yeye, mtu makini aliyejali tofauti kati ya Kiingereza cha London na cha Washington, ameandika bila kusita kwamba mweka hazina "aliwakilisha" hoja.

Kosa hili nakutana nalo kila siku kazini. Limo katika barua za maombi ya kazi zinazofungwa kwa "naomba kuwakilisha". Limo katika risala za harusi, katika taarifa za kamati za shule, na katika ripoti za watu wenye shahada mbili. Wiki chache zilizopita nilisimama mbele ya tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ofisi moja, limepigwa mhuri na kutiwa saini, likimtaka kila mwombaji "kuwakilisha cheti halisi cha kuzaliwa". Nililisoma nikaona uchungu. Lililotakiwa ni cheti kifike dirishani. Lililoandikwa ni kwamba mwombaji asimame badala ya cheti chake na kukisemea.

Kuwasilisha kunatokana na kuwasili: ukiwasilisha kitu, umekifanya kifike. Kuwakilisha kunatokana na wakili, na uwakili hauwezekani pasipo mtu au kitu kisichoweza kuwapo chenyewe. Mbunge anawakilisha jimbo kwa kuwa jimbo zima haliwezi kuingia ukumbini. Balozi anawakilisha nchi kwa kuwa nchi haisafiri. Rangi ya kijani katika bendera ya Tanzania inawakilisha uoto wa nchi kwa kuwa msitu haushonwi katika kitambaa. Sasa turudi Houston. Hoja ya mfuko wa misiba haikuwa mbali. Ilikuwa pale, imechapwa, iko mikononi mwa mweka hazina, na kazi yake ilikuwa moja tu, kuifikisha kwa wanachama. Aliiwasilisha. Kama alimwakilisha mtu yeyote siku hiyo, basi ni mwanachama mgonjwa aliyemtuma amsemee. Anayetaka mfano mmoja wa kukumbuka aende Zanzibar, ambako Baraza la Wawakilishi limekuwapo tangu mwaka 1980: humo Mwakilishi huwasilisha hoja, vitenzi viwili vimekaa katika sentensi moja, kila kimoja na kazi yake, na kubadilishana nafasi hakuwezekani.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba maneno huhama, na kwamba kuwakilisha kwenyewe kumehama, maana kwa umbo lake kungepaswa kuwa kumfanya mtu awe wakili, wala si kuwa wakili wake. Ni kweli, nami nakubali. Lakini pale neno lilihama kwenda kujaza nafasi iliyokuwa wazi, na Kiswahili kikatajirika. Safari hii linahamia katika nyumba yenye mwenyewe. Likishafaulu, tutakuwa na kitenzi kimoja cha kusema "nimekuletea" na "nimekusemea", na siku wakili atakapoandika kwamba amewakilisha madai ya mteja, hakimu atalazimika kuuliza ni lipi kati ya mawili. Vijana wanaoandikiana "nawakilisha" mwishoni mwa ujumbe wa simu nimechoka kuwaandama, na kati yao hakuna madhara. Barua ya ofisi na muhtasari wa kikao siachi, maana hayo husomwa na watu ambao hawakuwapo na hawana wa kumuuliza.

Kwa hiyo, ndugu Katibu, meza waachie wenye Kiingereza chao, kwa kuwa nusu ya wanachama wako wataitafsiri vichwani mwao na mtarudi kulekule. Muulize mwenyekiti alikusudia nini, kisha uandike alichokusudia. Kama alitaka hoja isubiri, andika: "Mweka hazina aliwasilisha hoja ya kuongeza mchango wa mfuko wa misiba, na mwenyekiti akaahirisha mjadala wake hadi kikao kijacho." Kama wanachama waliitupa kwa kura, andika kwamba ilikataliwa bila kujadiliwa.