Nani muongo, wewe au dada yako?

Mwanangu, ile sauti uliyonirushia WhatsApp nimeisikiliza mpaka mwisho. Dada yako anasema siku ya bomu la ubalozi wa Marekani hapa Dar, 7 Agosti 1998, kioo cha sebuleni kilivunjika kikamwagikia kochi, we unasema hakikuvunjika kitu, eti nani muongo. Hakuna muongo baba.

Tukio likiingia kichwani halikai sehemu moja, ulichoona kinabaki kwake, ulichosikia kwake, hofu kwake, na hipokampasi, kisehemu kidogo ndani ya ubongo, ndo inayoviunganisha. Kuna Mmarekani, Henry Molaison, 1953 walimtoa sehemu kubwa ya hiyo hipokampasi kulia na kushoto ili kumtibu kifafa, basi toka hapo mtafiti Brenda Milner aliyemfuatilia miaka na miaka, kila akiingia kwake ni mgeni, ila mambo mengi ya utotoni alikuwa nayo.

Sasa sikia hii maana ndo yenyewe. Tukikumbuka, ubongo unaviunga upya vile vipande, na hapo hapo kipya kinaweza kupenya. Mwaka 2000 mtafiti Karim Nader na wenzake walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu iliyokwishashika, ukiiamsha inalegea tena, lazima itengenezwe protini ndo ikaze, wakaizuia hiyo protini kwa dawa na panya ile hofu ikampungua kabisa.

Na maneno ya watu nayo yanaingia humo humo. 1974 watafiti Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha wanafunzi filamu ya ajali ya magari, wengine wakaulizwa magari yalikuwa spidi gani yalipogongana, wengine yalipobamizana, baada ya wiki wakaulizwa mliona vioo vimevunjika? Wa kubamizana 16 kati ya 50 wakasema ndiyo, wa kugongana 7 tu, na kwenye filamu hakukuwa na kioo kilichovunjika hata kimoja!

Dada yako kakua anasikia majirani wanahadithia vioo vyao, na TV jioni ilionyesha vioo tupu, we ulikuwa chekechea hukukaa kwenye hayo maongezi. Mi nakumbuka madirisha yalitetemeka yakabaki mazima, ila na mimi nimeihadithia sana hii habari kwa hiyo usinifanye hakimu.

Mpigie leo, msinuniane kwa hili. Usimuulize kioo kilivunjika au hakikuvunjika, mwambie nihadithie ile siku, halafu umwache aongee.

Mama