Koti la mvua linapolowesha kwa ndani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na wenzangu tunajiandaa kwa safari ya siku kadhaa ya kutembea milimani na kulala kwenye mahema, tena katika msimu wa mvua. Lebo ya koti langu inasema kwamba halipitishi maji, lakini kila ninapopanda mlima nikiwa nimelivaa, shati la ndani hulowa chepechepe. Je, ninunue koti la ghali zaidi, au poncho, lile vazi pana la mvua lisilo na mikono, itanitosha?

JIBU: Ndugu msomaji, chunguza kwanza maji hayo yanatoka wapi. Yakianzia mabegani na kwenye mishono, mvua imepenya. Yakianzia mgongoni na kwapani wakati wa kupanda, hilo ni jasho lako mwenyewe, na koti ghali peke yake halitakuponya.

Makoti mengi mazuri yana utando wenye vitundu vidogo mno, vinavyozuia tone la maji lakini vikaruhusu mvuke wa jasho utoke. Hata hivyo, mvuke hutoka vizuri pale tu hewa ya nje inapokuwa kavu au baridi kuliko ya ndani ya koti, na ndiyo maana kwenye msitu wenye joto na unyevunyevu hata koti bora hulemewa. Wauzaji hupenda kutaja namba, kwa mfano milimita 10,000, yaani kimo cha safu ya maji ambayo kitambaa hustahimili kabla ya kuvuja. Kiwango hicho kinatosha kwa mvua nyingi, ingawa anayebeba begi zito, ambalo mikanda yake hukandamiza mabega, atafaidika na milimita 20,000. Mimi ningetazama kwanza zipu za kwapani, kwani hizo hutoa joto haraka kuliko utando wowote.

Koti ulilo nalo pia huenda linahitaji matunzo tu. Dawa inayofanya matone yateleze juu ya kitambaa huchakaa, kitambaa cha nje kikanywa maji, na mvuke ukakosa njia. Lifue bila kilainishi cha nguo, ulikaushe kwa joto dogo ikiwa lebo inaruhusu, na matone yasipoteleza, lipake dawa mpya.

Poncho hupitisha hewa vizuri na hufunika begi pia, lakini kwenye mgongo wa mlima upepo huipeperusha, nayo hukuzuia kuona unapokanyaga. Ichukue ikiwa njia yenu ni ya msituni.

Ndani usivae pamba, kwa kuwa hukawia kukauka. Sufu nyepesi au poliesta inafaa zaidi. Mfuniko wa begi nao hauzuii maji yanayotiririka kutoka mgongoni, kwa hiyo nguo za kulalia na mfuko wa kulalia vifungwe ndani ya plastiki nzito humo humo begini. Asubuhi, hata kama inakera, rudia kuvaa nguo za jana zenye unyevu, ili zile kavu zibaki za usiku.