Mswada Ukishachapishwa: Jinsi Mhafidhina Anavyoupima na Kuutolea Maoni

Hapa Kenya uhafidhina ukitajwa, wengi huwaza mila, ndoa na dini. Mambo hayo yana uzito, na Katiba yenyewe katika kifungu cha 45 inaitambua familia kuwa msingi wa jamii. Lakini misingi ya kihafidhina inahitajika hata zaidi pale serikali inapotaka kutoza, kukopa, kupanga bei, au kuvunja taasisi moja na kuunda nyingine. Maamuzi hayo huja kila mwaka kwa tarehe zinazojulikana, na raia ana nafasi ya kuyagusa kabla hayajawa sheria. Makala haya yanahusu namna ya kuitumia nafasi hiyo vizuri.

Jambo la kwanza ni kutoanza na "hapana". Kamati ya Bunge hupokea rundo la barua za kukataa kila kitu, na haina la kufanya nazo zaidi ya kuzihesabu. Anza na swali hili: kinachoondolewa kilikuwa kinafanya kazi gani, na nani alikuwa akikitegemea? Hili ndilo swali la kihafidhina kuliko yote, na ndilo linalorukwa zaidi.

Chukua bima ya afya. NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya hospitali, iliundwa mwaka 1966. Ilikuwa na kasoro kubwa, zikiwemo madai ya uongo kutoka hospitali na malipo yaliyocheleweshwa. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 iliifuta, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikashika usukani. Kabla ya kupinga au kuunga mkono, fanya hesabu. Aliyepata mshahara wa shilingi 20,000 alikatwa 750 na NHIF. Sasa anakatwa asilimia 2.75, yaani 550. Wa 50,000 alikatwa 1,200, sasa ni 1,375. Wa 100,000 alikatwa 1,700, sasa ni 2,750, na kuanzia hapo hakuna kikomo: wa 500,000 anatoa 13,750. Mhafidhina mkweli atakubali kwamba mwenye kipato kidogo aliyeajiriwa amepata nafuu. Ukificha hilo katika maoni yako, mbunge wa kwanza mwenye kikokotoo atakuumbua.

Hoja nzito iko kwingine. Sheria, kiwango cha michango, mfumo wa kompyuta na usajili wa wanachama vilibadilishwa kwa wakati mmoja, na watu waliokuwa tayari ndani ya NHIF wakatakiwa kujisajili upya. Vitu vinne vikibadilika pamoja na huduma ikakwama, hakuna anayeweza kusema kwa uhakika ni kipi kimeikwamisha, kwa hiyo hakuna ajuaye pa kurekebisha. Anayelipia ucheleweshaji huo ni mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, ambaye hawezi kungoja mtandao urudi.

Halafu kuna asiye na payslip. Mama mboga na mwendesha bodaboda walikuwa wakilipa NHIF shilingi 500 kwa mwezi. Sasa wanakadiriwa kipato kwa maswali kuhusu nyumba yao: paa ni la nini, choo ni cha aina gani, maji yanatoka wapi, wanapikia nini, wako wangapi. Kiwango cha chini ni 300 kwa mwezi, lakini mchango unatakiwa wa mwaka mzima kwa pamoja, kwa hiyo hata huyo wa chini kabisa anahitaji 3,600. Mtu anayeuza sukuma wiki huhesabu fedha zake kwa siku. Mpango usiokubaliana na jinsi fedha zinavyoingia mkononi mwake atauacha, hata kama anauhitaji.

Pendekezo la kihafidhina lingekuwa jembamba na linalotekelezeka: wanachama wa zamani wahamishwe bila kujisajili upya, mfumo wa zamani ubaki wazi sambamba na mpya kwa miezi kadhaa, mpango uanzie kaunti chache. Majaribio ya namna hiyo si mageni kwetu. Desemba 2018 mpango wa afya kwa wote ulianzia Kisumu, Nyeri, Isiolo na Machakos. Basi kila mswada mkubwa udaiwe mambo mawili: kaunti za majaribio, na matokeo yake yachapishwe kabla ya kutandazwa nchi nzima.

Kipimo cha pili ni utabirikaji. Ushuru unaobadilika kila mwaka huumiza hata unaposhuka, kwa sababu mtu hawezi kupanga. Tazama ushuru wa mauzo kwa biashara ndogo, ule wanaouita TOT. Januari 2020 ulikuwa asilimia 3. Aprili mwaka huohuo ukashushwa hadi 1. Julai 2023 ukarudi 3, na kikomo cha mauzo kikashushwa kutoka milioni 50 hadi milioni 25. Ushuru huu hautozwi faida, unatozwa mauzo yote. Mwenye duka la jumla anayeuza unga na sukari za shilingi milioni 3 kwa mwaka, akibakiwa na senti 5 katika kila shilingi, ana 150,000 kabla ya kodi ya nyumba na stima. Kwa asilimia 1 analipa 30,000. Kwa asilimia 3 analipa 90,000, na sehemu kubwa ya jasho lake imekwenda. Kinyozi mwenye mauzo yaleyale, ambaye hanunui bidhaa za kuuza tena, hatauhisi hivyo. Andika hesabu ya namna hii katika maoni yako, ukichagua biashara moja halisi ya mtaani kwenu. Ina nguvu kuliko kurasa tatu za kulalamikia gharama ya maisha.

Tatu, bei. Sera ya kupanga bei kwa amri hupendwa siku inapotangazwa, na madhara yake hufika polepole kwa mlango wa nyuma. Septemba 2016 sheria iliwazuia benki kutoza riba iliyozidi asilimia 4 juu ya kiwango cha Benki Kuu. Kiwango hicho kilikuwa 10.5, kwa hiyo kikomo kikawa 14.5. Nia ilikuwa njema. Riba zilikuwa za kunyonya. Lakini benki ikikatazwa kumtoza mtu wa hatari riba ya juu, haimkopeshi kwa riba ya chini. Haimkopeshi kabisa. Benki zilipendelea kununua hatifungani za serikali, na mfanyabiashara mdogo akaelekea kwenye mikopo ya simu iliyokuwa ghali zaidi na, wakati huo, bila msimamizi. Kikomo kilifutwa Novemba 2019, na wakopeshaji wa kidijitali wakaletwa chini ya Benki Kuu kwa sheria ya 2021. Ukiona mswada unaopanga bei ya kodi za nyumba, unga, karo au mafuta, uliza: mwuzaji atapunguza nini akishindwa kupandisha bei? Ubora, kiasi, au idadi ya anaowauzia? Jibu lake ndilo gharama halisi ya mswada huo.

Nne, ukaribu. Linaloweza kufanywa na familia, chama, Sacco, kanisa au msikiti lisichukuliwe na kaunti, na la kaunti lisichukuliwe na Nairobi. Hapa ndipo ada ya nyumba za bei nafuu inapokosolewa kwa haki. Mfanyakazi anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri anaongeza nyingine 1.5, kwa mshahara wa 50,000 hiyo ni 1,500 kila mwezi. Novemba 2023 Mahakama Kuu iliibatilisha ada ya kwanza, kwa kukosa msingi kamili wa kisheria na kwa kuwabagua wenye ajira rasmi. Serikali ikaja na Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, iliyowajumuisha na wasioajiriwa. Hoja ya usawa mbele ya sheria ikawa imejibiwa. Ya ukaribu bado iko palepale. Wakenya walikuwa wakijenga kupitia Sacco na vyama vya kununua ploti miaka mingi kabla ya ada hii. Pendekezo la kudai ni kwamba mtu anayeweka akiba ya nyumba katika Sacco iliyosajiliwa aruhusiwe kuelekeza makato yake huko. Ni sentensi moja katika sheria, na inampa mtu uhuru bila kuuangusha mpango wote.

Sasa tufike kwenye vishikio vya kisheria, kwa sababu kanuni isiyoshikiliwa na sheria husikilizwa kwa adabu na kuachwa. Kifungu cha 201 cha Katiba kinataka fedha za umma zitumiwe kwa busara, na mzigo wa mikopo ugawanywe kwa haki kati ya kizazi hiki na kijacho. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu cha 15, inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwenye maendeleo katika kipindi cha kati, na mikopo itumike kwa maendeleo pekee, si mishahara na chai za ofisini. Mswada ukiunda mamlaka mpya yenye bodi, mkurugenzi na magari, hayo ni matumizi ya kawaida. Uliza yatalipwa na nini, na utaje kifungu.

Watu wengi husoma sheria na kusahau kanuni zinazotungwa chini yake. Ile asilimia 2.75 ya SHA, kwa mfano, haimo ndani ya sheria. Imo katika kanuni za 2024, na kanuni hutungwa na waziri. Sheria ya Hati za Kisheria ya 2013 inataka kanuni zenye gharama kubwa kwa jamii ziandaliwe na taarifa ya athari, ziwasilishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao baada ya kuchapishwa, na zikome zenyewe baada ya miaka kumi. Ukikuta mswada umejaa maneno "kama itakavyowekwa na Waziri", pendekeza kiwango kiandikwe ndani ya sheria yenyewe, au angalau kikomo chake cha juu.

Kalenda ni hii. Taarifa ya sera ya bajeti hufika Bungeni kufikia 15 Februari. Makadirio ya bajeti na Mswada wa Fedha hufika kufikia 30 Aprili, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Tangazo la kuomba maoni hutolewa magazetini na kwenye tovuti ya Bunge, na muda wake huwa mfupi, kwa hiyo anayengoja tangazo ndipo aanze kusoma ameshachelewa. Soma taarifa ya Februari. Mapendekezo mengi ya Mswada wa Fedha huwa yamedokezwa humo. Ukihitaji takwimu kutoka wizarani, ziombe chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inawapa siku 21 za kujibu. Ombi la Machi hurudi kwa wakati. La Mei halirudi.

Memoranda yenyewe, yaani maoni yako ya maandishi, isizidi kurasa nne. Mwandikie Karani wa Bunge la Kitaifa, taja jina la mswada na mwaka, jieleze kwa mistari miwili, kisha uende kifungu kwa kifungu. Kwa kila kifungu weka mambo manne: namba yake, kinasema nini, kina tatizo gani kwa hesabu, na maneno unayotaka yawekwe badala yake. Hili la mwisho ndilo hukosekana. Andika kama mtunga sheria, kwa mfano: "Kiwango hiki kitaanza kutumika miezi kumi na miwili baada ya Sheria hii kuchapishwa, na kitakoma baada ya miaka mitano, ila Bunge likikirefusha kwa azimio." Mbunge anayekubaliana nawe anaweza kuyachukua maneno hayo jinsi yalivyo hadi kwenye hatua ya marekebisho.

Makosa yanayoua memoranda ni yaleyale kila mwaka. Barua moja iliyonakiliwa na watu elfu huhesabiwa kuwa maoni mamoja. Matusi kwa rais au waziri humpa karani sababu ya kuiweka kando. Kupinga ushuru bila kutaja matumizi ya kupunguza huonyesha kwamba hukusoma makadirio, na mhafidhina anayetaka ushuru mdogo na ruzuku kubwa kwa pamoja hajaamua anasimamia nini. Wengine hutegemea mahakama iwaokoe. Sheria ya Fedha ya 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufani Julai 2024, na Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaurudisha uhalali wake. Ndiyo maana kazi kubwa ifanywe kabla ya kura.

Baada ya kuwasilisha, omba muhuri wa kupokelewa au jibu la barua pepe, na ulihifadhi. Kisha tafuta ripoti ya kamati kabla ya Bunge kuijadili: huwa na orodha ya waliotoa maoni na sababu za kukubali au kukataa kila pendekezo. Kama lako halimo, mwandikie mwenyekiti wa kamati siku hiyohiyo, ukiambatisha ule muhuri, na nakala umpelekee mbunge wa eneo lako.