Maswali ya wasomaji: Wageni wakishaondoka, binti yangu anabaki na nini?

SWALI: Shikamoo kocha. Mi nipo Makorora hapa Tanga, binti yangu ana miaka 13 anacheza winga ya kulia. Nasikia watu wanasema na sisi tuombe uenyeji wa WAFCON, lile kombe la Afrika la wanawake, eti soka la wanawake litapaa. Mwanangu anafanya mazoezi saa nane mchana jua la utosi, maana ikifika saa kumi kiwanja ni cha wakaka, mabinti wakichelewa kutoka wanapigiwa mipira makusudi. Sasa hayo mashindano yatamsaidiaje huyu? (Mama Winga)

JIBU: Marahaba Mama Winga. Mashindano peke yake hayamsaidii. Si unajua Tanga yetu, waja leo waondoka leo, basi na timu za mashindano ndo hivyohivyo, zinakaa wiki tatu nne zinapanda ndege. Kinachobaki ni kile mlichokuwa mmeshakianza kabla hazijatua.

Waangalie Kanada. 2015 waliandaa Kombe la Dunia la wanawake, timu 24, watu zaidi ya milioni moja na laki tatu wakaingia viwanjani, halafu? Ligi yao ya wanawake ya kulipwa imeanza 2025! Miaka 10 mama, binti aliyekuwa na 13 kama wako keshafika 23, kama hakupata timu nje ya nchi ndo basi tena. (Na mechi zote walichezeshwa kwenye nyasi bandia, wachezaji walilalamika weee, ila hiyo stori ya siku nyingine.)

Moroko walipika kwanza ndo wakaita wageni. 2020 walishaamua ligi ya wanawake iwe ya kulipwa, madaraja mawili, 2022 ndo wakaandaa WAFCON. Nusu fainali na Nigeria pale Rabat waliingia watu 45,562, fainali wakafungwa na Afrika Kusini 2-1, mwaka uliofuata Moroko hao wapo Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza na makundi wakavuka. Watu wanaona lile jukwaa lilivyojaa wanadhani jukwaa ndo dawa.

Ila mi wanaonikosha zaidi ni Waingereza. Walipochukua Euro 2022 kwao, kombe la Ulaya la wanawake, wachezaji wenyewe wakaandika barua ya wazi kwa viongozi, wasichana wote wapate kucheza mpira shuleni, na Machi 2023 serikali ikatangaza nafasi sawa kwenye michezo ya shule. Hawakuomba uwanja mpya, waliomba kipindi cha michezo! Hapo ndo alipo binti yako.

Na sisi hatuanzi sifuri, ligi kuu ya wanawake ipo tangu 2016 na bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, Mlandizi ya Pwani hiyo wala si jijini, na Twiga Stars, timu yetu ya taifa ya wanawake, wameshacheza WAFCON 2010 na tena 2025.

Kwa hiyo WAFCON iache kidogo, anza na hiyo saa kumi. Chukua wamama wenzio watatu wanne, nendeni kwa anayepanga ratiba ya kiwanja, ombeni Jumanne na Alhamisi, iandikwe na ibandikwe ukutani kila mtu aione, msikubali ya mdomo. Kuna kiwanja nilifundisha tukafanya hivyo, wakaka walinuna wiki ya kwanza tu, ya pili wakawa wanatuokotea mipira.

Halafu mwambie aufanyie sana mazoezi mguu wa kushoto, mabeki siku hizi winga wa mguu mmoja wanamsoma dakika 10 tu.