Yai safi lisilo na ufa linaweza kuwa na Salmonela?

Dada, linaweza, na ndiyo maana kulikagua kwa macho hakutoshi. Salmonela ni bakteria wanaoharisha watu, na aina iitwayo Salmonella Enteritidis humwingia kuku kupitia chakula, maji au kinyesi cha panya. Hupenya utumbo, hupita kwenye damu na kufika hadi kwenye ovari na mrija wa mayai. Yai huchafuka kabla hata gamba halijaumbika. Kuku mwenyewe hula na kutaga kama kawaida, mfugaji asishuku lolote.

Njia nyingine ni kinyesi kwenye gamba, ambalo lina vitundu vidogo sana. Yai lenye joto likioshwa kwa maji baridi, vilivyo ndani husinyaa na kuvuta uchafu kupitia vitundu hivyo. Kwa hiyo usioshe trei nzima halafu uyahifadhi. Pangusa kwa kitambaa kikavu, weka kwenye friji ukiwa nayo.

Hapa Nairobi trei hushinda juani nje ya maduka, na joto ndilo linalozidisha vijidudu. Mayai ya kuchemsha ya mtaani, yakiiva hadi kiini kigumu, mimi sina shida nayo. Ninachohofia ni mikono inayoyamenya na kisu cha kachumbari. Mtoto, mjamzito au mzee usimpe kabisa yai lenye kiini kinachochuruzika.

Na kama unanunua moja kwa moja kwa mfugaji, muulize kuhusu chanjo na panya. Uingereza ilipoanza kuchanja kuku wa mayai miaka ya 1990, wagonjwa walipungua sana.