Maswali ya Wasomaji: Mkojo Unapokwama Kwenye Figo

SWALI: Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka 9. Mara kwa mara hushikwa na maumivu makali ya ubavu wa kushoto na kutapika, hasa akinywa maji mengi, kisha kesho yake huamka mzima. Ultrasaundi imeonyesha figo imetanuka kwa sababu mkojo unazuiliwa pale figo inapoungana na mrija wake. Majirani wanasema ni maji yetu yenye floridi. Au ni kitu nilichokula nikiwa mjamzito?
Mama wa Usa River, Arusha

JIBU: Marahaba, mama, na pole kwa kuuguza. Hukumkosea mwanao. Floridi iliyozidi katika maji ya maeneo mengi ya Mlima Meru huharibu meno na mifupa, na ni haki kuihofia, lakini haimo katika sababu zinazojulikana za tatizo hili. Chakula chako nacho hakimo.

Kwa watoto wengi kasoro hii ni ya kuzaliwa nayo: kipande kifupi cha mrija, pale unapoanzia, huumbika na misuli isiyopangika vizuri, hivyo hakisukumi mkojo kuelekea kibofuni hata kama tundu lake li wazi. Huwapata zaidi wavulana, na zaidi figo ya kushoto. Ninachokishuku kwa mwanao, kwa umri wake na jinsi maumivu yanavyokuja na kuondoka, ni mshipa wa damu uendao sehemu ya chini ya figo, ambao hupita mbele ya mrija na kuubana. Anywapo maji mengi figo hujaa haraka, mrija hujikunja juu ya mshipa huo, na mkojo hukwama. Kwa watu wazima tunatafuta pia mawe, makovu ya upasuaji au ya kifua kikuu, na mara chache saratani.

Ultrasaundi pekee haisemi figo inafanya kazi kiasi gani. Omba rufaa kwa bingwa wa mfumo wa mkojo, kwa mfano katika hospitali ya KCMC, Moshi, ili mwanao apangiwe kipimo cha dawa ya mionzi kinacholinganisha kazi ya figo zote mbili. Watoto wengine hufuatiliwa tu. Mwenye maumivu kama haya mara nyingi hufanyiwa upasuaji wa kukata kipande kibovu na kuunganisha mrija upya, ambao hufanikiwa kwa zaidi ya watoto 9 kati ya 10. Maumivu yakija pamoja na homa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kwani usaha katika figo iliyoziba huiharibu upesi.